Mabao ya Jumamosi Ijayo

Asubuhi ya Jumatano, tarehe nane Februari mwaka 1967, Nuh Gelle alikuwa ameketi kwenye benchi la mkahawa wa Dekow mjini Garissa, akiushona mpira kwa ukanda mwembamba wa ngozi ya ngamia. Huo ndio mpira wa pekee uliosalia wa timu ya Nyota ya Mto. Mwenzake ulishikwa kizuizini barabarani, ukapasuliwa ili itazamwe kama una risasi ndani, ukakutwa hauna kitu ila upepo, nao upepo haukurudishwa.

Nuh alikuwa mtu wa miaka arubaini na mmoja. Ujanani alicheza winga ya kushoto huko Isiolo, na sasa alikuwa msaidizi wa kocha, kazi ambayo maana yake ilikuwa kushona mpira, kuchora mistari ya uwanja kwa chokaa, na kupokea lawama zilizosazwa baada ya kocha mwenyewe kushiba.

Saa mbili na nusu akafika Qali, muuza maziwa. Akashusha vibuyu viwili mgongoni mwa punda, akamfunga punda kwenye nguzo, akaketi. Nuh akaweka sindano chini.

"Warran, eeddo," alisema, yaani lete habari, shangazi.

Kwa watu wa nchi ile neno hilo si maamkizi matupu. Atokaye njiani huulizwa habari, na akiulizwa hana budi kuitoa yote: mvua iliponyesha na isiponyesha, kisima chenye maji, mnyama aliyezaa, mtu aliyekufa. Haongezi wala hapunguzi. Naye aulizaye humsikiliza hadi mwisho bila ya kumkatiza, hata kama chai inapoa.

"Ni amani," alisema Qali. "Mvua hakuna. Kisima cha njia ya Hulugho kimezibwa kwa mawe. Ngamia wa Sirad amezaa, jike. Na Jumamosi mmefungwa na El Wak, matatu kwa moja. La kwanza beki wenu aliteleza, la pili penalti. La tatu sikuelezwa vizuri, maana aliyenieleza alikuwa akikimbiza ngamia."

Nuh alifikiri kidogo. "Jumamosi hii inayokuja?"

"Hii hii."

"Na bao letu kafunga nani?" aliuliza Dekow kutoka jikoni.

"Jelle. Kwa kichwa."

"Nimesema siku zote yule kijana ana kichwa," alisema Dekow, akaendelea kuchuja chai.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Tangu itangazwe hali ya hatari, wafugaji walikatazwa kuhama na wanyama wao bila ya pasi. Walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, na mnyama aliyekutwa nje ya seng'enge alichukuliwa asirudi. Wachache waliobakiwa na mnyama mkononi, walipozuiliwa kuhama katika ardhi, walianza kuhama katika siku. Mnyama hunusa majani yalipo, na majani yalikuwa Jumamosi, basi wakamfuata. Hapakuwa na kizuizi kati ya Jumatano na Alhamisi, wala hapakuwa na askari kati ya Alhamisi na Ijumaa. Walilisha huko mbele, wakakamua, na alfajiri ya kila Jumatano mmoja wao alirudi hadi kwenye kona ya barabara kumkabidhi Qali vibuyu vyake. Maziwa hayo yalipendwa sana mjini, kwa sababu hayakuganda mpaka Jumamosi ipite.

Baadhi ya wacha Mungu walitaka kujua kama ni halali kuzisikiliza habari hizo, wakampelekea swali Sheikh Sugow. Sheikh alilikalia swali siku mbili. Akajibu kwamba elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, na kwamba Qali hakudai kuijua ghaibu. Alipokea habari kwa mtu aliyeshuhudia, akaifikisha kama alivyoipokea. Kwa hiyo jambo lake lilikuwa ni la usimulizi, na msimulizi hupimwa kwa ukweli wake. Akamwita Qali, akamuuliza nani alimweleza, na huyo naye alielezwa na nani, akakuta mnyororo mfupi usio na mtu wa kutiliwa shaka. Alichokataza ni kamari tu, nayo ilikuwa imekwisha kufa yenyewe kwa kukosa mtu wa kuweka dau upande wa pili.

Mwenyekiti wa kamati ya michezo, ambaye alikuwa ametumwa kutoka bara na hakuwa na muda wa kupoteza, aliipokea habari ya kufungwa na El Wak siku ileile ya Jumatano, pamoja na maziwa yake. Alikuwa mtu wa utaratibu. Hakuona kwa nini kazi ya Jumatatu isubiri Jumatatu ilhali yawezekana kufanywa Alhamisi. Basi Alhamisi saa tatu asubuhi akamwita kocha, Mwalimu Awil, akampa barua iliyosema kwamba kutokana na timu kufungwa siku ya Jumamosi, tarehe kumi na moja, kamati imesitisha kazi yake kuanzia leo, tarehe tisa.

Mwalimu Awil aliisoma mara mbili.

"Lakini Bwana Mwenyekiti, ukinifukuza leo, Jumamosi sitakuwepo. Nitakuwa nimefungwaje?"

"Hilo tumeliangalia," alisema mwenyekiti. "Kipigo kitaandikwa kwa jina lako. Hatutaki kumharibia jina kocha mpya."

Awil alikuwa kocha wa nne kufukuzwa tangu mwaka uanze. Alirudi darasani kufundisha hesabu, na hakuonekana kuwa na kinyongo. Kocha wa tano akawa Nuh.

Nuh alimkabidhi Dekow sindano na ule ukanda wa ngozi, akaenda ofisini, na huko akapewa vitu viwili: filimbi, na pasi ya kupita kizuizini. Filimbi aliitia mfukoni. Pasi aliishika mkononi muda mrefu. Ilimruhusu kutoka mjini kila Ijumaa baada ya sala, hadi maili tisa upande wa mashariki, kwa ajili ya kutafuta wachezaji. Maili nane upande wa mashariki kulikuwa na kijiji cha seng'enge, na ndani yake alikuwamo mama yake, Arbia, pamoja na mbuzi mmoja. Walikuwa na ngamia thelathini na wawili upande wa Hulugho. Sasa walikuwa na mbuzi. Nuh hakuwa amemwona mamake tangu mwaka uliopita.

"Bwana Mwenyekiti," alisema, "mama yangu ni mzee, macho yake yamepungua. Naomba ahamie kwangu mjini."

Mwenyekiti alitazama dirishani. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kila kitu kiwe na sababu ya kuandikika.

"Lete kombe," alisema. "Kocha atakayeleta Kombe la Mkoa, mama yake atapewa barua ya kuhamia Garissa. Nitaitia sahihi mwenyewe."

Nuh akalichukua neno hilo kama mtu anavyochukua maji kwenye viganja, akitembea nalo polepole.

Mchujo ulikuwa wa timu nne. Kila moja ingecheza na wenzake watatu, kisha mbili za juu zikutane fainali. Jumamosi ile walifungwa na El Wak matatu kwa moja, Jelle akafunga kwa kichwa, na kipigo kikaandikwa kwa jina la Awil. Bao la tatu Nuh alilitazama kwa makini ili aweze kumweleza Qali, aliyekuwa amelikosa.

Ijumaa iliyofuata akaenda kwa mama yake. Walizungumza wakiwa wametenganishwa na seng'enge, yeye nje, mama ndani, na mbuzi akiwa kichwa upande mmoja na mkia upande mwingine. Arbia hakuuliza habari za mpira. Aliuliza kama anakula.

"Mwezi ujao utakula kwangu," alisema Nuh.

"Inshallah," alisema Arbia. "Njoo Ijumaa."

Timu ilishinda michezo miwili iliyofuata, na mji mzima ulijua tangu Jumatano. Dekow, ambaye zamani alijulikana kwa utabiri wake wa mechi, alikuwa amepoteza kazi hiyo, lakini akapata nyingine: kila Alhamisi alikaa na wateja wake wakabishana juu ya yale yaliyotokea Jumamosi inayokuja. Aliyepata tabu zaidi ni refa, Issack, mpole wa watu, aliyekuwa akitukanwa siku mbili kabla ya kukosea.

"Ile haikuwa penalti, walaal, ndugu yangu," Dekow alimwambia siku moja ya Alhamisi, akimwekea chai kwa nguvu. "Alijiangusha."

"Mimi nitakuwa mbali," alijitetea Issack. "Jua litakuwa usoni."

"Basi simama karibu."

"Nikisimama karibu, eeddo Qali atakuwa amesema uongo. Unataka niibe heshima ya mama wa watu kwa sababu ya penalti?"

Dekow alitafakari, akaongeza sukari katika kikombe cha refa, na maneno yakaisha.

Kisha ikaja Jumatano ya kabla ya fainali, tarehe mosi Machi. Wajir, wapinzani wao, walikuwa wamefika tangu jana kwa lori, wakilindwa mbele na nyuma, vumbi limewafanya wote rangi moja. Nje ya mkahawa wa Dekow palikuwa na watu wasiopungua mia tatu. Mwenyekiti naye alikuja, akaletewa kiti. Nuh alisimama karibu na punda. Alikuwa amefunga saumu tangu Jumatatu, na midomo yake ilikuwa ikitikisika kwa dua.

Qali alishusha vibuyu, akaketi. Sheikh Sugow, kwa kuwa ndiye mkubwa wa waliohudhuria, akamuuliza habari.

"Ni amani," alisema Qali. "Mvua hakuna hapa, ila masika imeonekana iko vizuri, waliofika huko wamerudi na matope miguuni. Mzee Adan amefariki, Mungu amrehemu, atazikwa kesho. Na Jumamosi mmewafunga Wajir, mawili kwa moja."

Kelele zilizozuka ziliwafanya punda wa soko zima walie. Watu walikumbatiana. Wachezaji wa Wajir, waliokuwa wakinywa chai nyuma, walilichukua jambo hilo kiungwana, wakauliza tu ni nani aliyewafungia lile moja.

"Hongera," alisema mwenyekiti, akiinua mkono ili anyamazishe watu. "Kwa kumbukumbu za ofisi: kocha alikuwa nani?"

Qali alimtazama Nuh. Alikuwa mama wa makamo, mwenye kumpenda Nuh kwa ajili ya mamake, na kama habari ingekuwa mali yake angeiacha njiani. Lakini habari haikuwa mali yake.

"Kocha alikuwa Adow," alisema. "Adow wa duka la nguo."

Adow, ambaye hakuwahi kuugusa mpira ila ulipomwangukia dukani, alisema hajui lolote.

Mwenyekiti akamgeukia Nuh, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli. "Unaona hali ilivyo, Bwana Nuh. Nisipokufukuza, mama huyu atakuwa mwongo, na tukimfanya mwongo, ushindi nao hautakuwepo. Siwezi kuuweka rehani ushindi wa mkoa. Barua utaipata kesho saa tatu."

"Na mama yangu?"

"Nilisema kocha atakayeleta kombe."

Watu wakambeba Adow mabegani hadi dukani kwake. Mwenyekiti akaondoka. Nuh akaondoka kwa upande mwingine, asione njia. Na hapo, kwa furaha ya wengi na huzuni ya mmoja, watu wa Garissa walifanya kosa ambalo mababu zao hawakulifanya hata wakati wa ndui: walimwacha mleta habari kabla hajamaliza. Qali alibaki na habari mdomoni. Sheikh Sugow peke yake ndiye aliyeona, lakini kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa wakimsubiri, alidhani kilichobaki ni bei ya mbuzi.

Alhamisi Nuh alirudisha filimbi na pasi. Ijumaa baada ya sala alikwenda hadi kizuizini bila ya pasi, akarudishwa. Akaenda tena, akarudishwa na teke moja, ambalo askari mwenyewe aliliomba radhi kwa kuwa walikuwa wakifahamiana.

Huko kijijini Arbia alisimama kwenye seng'enge tangu adhuhuri hadi alasiri, na tangu alasiri hadi jua kuwa jekundu. Miezi yote ile hakuhama katika siku kama wengine, ijapokuwa mbuzi wake alinusa majani kila jioni na kuvuta kamba, kwa sababu alitaka kuwa mahali ambapo mwanawe angemkuta. Sasa mwanawe hakuja. Akalegeza kamba. Watu wote wa kijiji waliingia Jumamosi kwa kulala, kila mmoja ndani ya seng'enge. Arbia aliingia kwa miguu, upande wa nje.

Siku ya fainali uwanja ulijaa. Adow aliketi kwenye benchi la kocha, mikono magotini, amevaa koti la harusi yake. Nuh alisimama nyuma ya goli la mashariki, mahali pasipo na watu, na hapo ndipo alipomkuta mama yake ameketi chini, ameupa uwanja kisogo, na mbuzi akila nyasi za pembeni. Hiyo ndiyo habari iliyobaki mdomoni mwa Qali.

"Keti, hooyo," alisema Arbia, kwani mama wa huko humwita mwanawe kwa jina lilelile analoitwa yeye.

Nuh akaketi. Akashika mkono wake, akauweka kwenye paji la uso wake, akaurudisha. Nyuma yao filimbi ya refa ikalia.

"Umekonda," alisema Arbia.

"Nilikuwa kocha."

"Nilisikia. Na sasa?"

"Sasa si kocha."

"Basi utanenepa."

Umati ulipiga kelele. Nuh akageuka.

"Usijisumbue," alisema mamake. "Hilo ni la Wajir. Nimeutazama wote nilipofika. Mawili yenu yako mbele. Nieleze, paa umelitengeneza?"

Akamweleza habari za paa. Akamweleza habari za mke wake Sharifo, na jino la binti yao Raho. Arbia naye alitaja ngamia wale thelathini na wawili, kila mmoja kwa jina, ili wasipotee mara ya pili. Kwa kawaida wahamaji wa siku hawasubiri siku ifike, kwani siku ikifika askari hufika nayo. Wenzake walikuwa wamekwisha kutangulia, wakimsihi afanye haraka. Lakini Arbia aliwaambia kwamba askari nao wana macho mawili tu, na kwa dakika tisini macho hayo yatakuwa kwenye mpira. Ikawa hivyo.

"Nichukue pamoja nawe," alisema Nuh.

"Mbuzi mmoja huongoza mtu mmoja. Sirad alijaribu na mumewe, mume akabaki Jumatatu." Alimtazama mbuzi. "Na wewe una mke na mtoto. Mimi ninakwenda masika. Kuna majani, na maji yamesimama. Nafikiri ni Aprili, karibu na tarehe kumi na moja, lakini sina hakika, hesabu za tarehe wanazijua watu wa ofisi."

Bao la pili la Nyota ya Mto lilipoingia, mpira ulipita wavuni, kwa kuwa wavu ulikuwa umetoboka, ukaja kusimama mgongoni mwa Arbia. Nuh aliurusha ndani bila ya kugeuka. Punde refa akamaliza mchezo, na askari wakakumbuka kazi yao, wakaanza kuuliza pasi kuanzia mlango wa kaskazini. Arbia akasimama, akapangusa vumbi, akamwombea mwanawe dua ndefu, akashika kamba. Mbuzi akavuta. Wakaenda masika.

Mwenyekiti alimkabidhi Adow kombe, na barua yenye sahihi, ikimruhusu mama yake kuhamia Garissa. Mama yake Adow alikuwa amezaliwa Garissa, na nyumba yake ilikuwa nyuma ya duka la mwanawe. Hata hivyo barua ni barua. Asubuhi ya Jumapili askari wawili walimtoa mlangoni kwake, wakamzungusha hadi kizuizini na godoro lake, wakamrudisha, wakamkabidhi mlango uleule.

Jumatatu kijiji cha seng'enge kilihesabiwa, ikaonekana Arbia hayupo. Karani wa hesabu aliuliza yuko wapi, majirani wakasema yuko Aprili, naye akaandika hivyo. Alasiri likabandikwa tangazo: kuanzia siku hiyo hakuna mtu, wala mnyama, atakayekwenda katika siku isiyofika bila ya pasi, na maombi yataletwa ofisini kwa fomu.

Nuh alikuwa wa kwanza katika foleni. Alipewa fomu na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Penye mahali aendako aliandika: Jumanne, tarehe kumi na moja Aprili. Penye sababu ya safari aliandika: kumwona mama. Penye idadi ya wanyama aliandika sifuri, kwa maandishi na kwa tarakimu.

Karani aliisoma, akaipiga muhuri, akaitia katika jalada.

"Nitajibiwa lini?" aliuliza Nuh.

"Tarehe kumi na moja Aprili. Ofisi haiwezi kutoa ruhusa ya siku ambayo haijafika."

"Siku hiyo ikifika, mama atakuwa amekwisha kutangulia."

"Hilo linawezekana," alisema karani. Hakuwa na haraka, wala hakuwa na ukali. "Hapo itakubidi uombe upya."

Nuh alifikiri juu ya hilo. Kisha akaomba fomu nyingine, akasogea pembeni ili asiwazuie walio nyuma yake, akaketi, akaandika Mei.